Goma-dofu ya kuzu inamomonyoka na kutoa maji, nakosea wapi?

Mla_Ufuta:
Wakuu, habari zenu. Natengeneza goma-dofu, kile chakula cha Kijapani cha ufuta kinachoganda kama jeli. Nachanganya wanga wa kuzu (unatoka kwenye mizizi ya mmea wa kuzu) gramu 40, ufuta uliosagwa laini kabisa gramu 40 na maji mililita 400. Napika mpaka inashika, namimina kwenye chombo, kisha friji usiku kucha. Asubuhi imepauka, ukiikata inamomonyoka, na pembeni pana maji. Niongeze kuzu?

Mwiko_Mrefu:
Usiongeze mkuu. Kuzu sehemu moja, ufuta moja, maji kumi ni vipimo vya kawaida. Tatizo unaepua mapema, kushika si kuiva. Ikianza kushika, punguza moto kisha songa kwa mwiko wa mbao dakika 10 hadi 15 bila kupumzika, ukikwangua chini ya sufuria. Mwanzoni inakuwa na mabonge na haieleweki. Baadaye inalainika, inavutika, inang'aa na kuachia sufuria kama ugali ulioiva. Ukiiwahi, chembe za wanga zinakuwa hazijafyonza maji yote, na maji hayo ndiyo unayoyakuta asubuhi.

Kabla ya moto, vunja yale madonge ya kuzu ndani ya maji ya baridi, koroga mpaka yaishe, tia ufuta, halafu chuja kwa chujio laini. Kuzu kavu ikikutana na maji ya moto inafunga vidonge, na huvitoi tena.

Chombo kiloweshe kwanza. Ukishamimina, kigonge mezani hewa itoke, na funika kwa plastiki inayogusa uso wake ili usifanye ngozi.

Baridi_Kiasi:
Naongezea: friji nayo ina lawama. Wanga ulioiva ukikaa kwenye baridi hujipanga upya, hukakamaa, huwa mweupe na kusukuma maji nje. Poza chombo kwenye beseni la maji ya baridi saa moja au mbili, na iliwe siku hiyo hiyo. Kuzukiri, zile tambi za kuzu za kuchovya kwenye sharubati ya sukari nguru, ndiyo kabisa: inakatwa na kuliwa hapo hapo.

Mla_Ufuta:
Shukrani. Na wanga wa muhogo ukiwa mbadala?

Mwiko_Mrefu:
Itashika, ila itavutika kama mpira na haikatiki safi. Kwa kufanya mchuzi uwe mzito sawa, kwa goma-dofu hapana.

Soma_Paketi:
Mkuu, hata hiyo kuzu yako igeuze paketi usome viambato. Nyingi zimechanganywa na wanga wa viazi vitamu. Kuzu tupu huandikwa hon-kuzu, na bei yake inauma: mizizi huchimbwa majira ya baridi, hupondwa, kisha wanga huoshwa na kutuamishwa kwenye maji baridi mara nyingi. Ya Yoshino, mkoa wa Nara huko Japani, ndiyo yenye jina. Na usije ukaiga vipimo vya kuzumochi ya Tokyo (kitindamlo laini kinachovutika), ile ni wanga wa ngano uliochachushwa, kuzu hamna.