Mtu ana mtungi wa gesi ila anapikia mkaa, kwenye utafiti namuweka wapi?

Dodoso_Masasi: Wakuu habari za jioni. Niko Masasi nafanya utafiti wa chuo kuhusu kaya na nishati safi ya kupikia, si mnaujua ule mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sasa dodoso linauliza "una jiko la gesi?" mtu anajibu ndiyo, nikigeuza shingo mtungi uko kona ya sebule umefunikwa kitambaa na nje huko maharage yanachemka kwenye mkaa. Huyu namuhesabuje?

MamaKorosho: Mdogo wangu hapo umeuliza mali, hujauliza upishi. Muulize mara ya mwisho kujaza ilikuwa lini na jana kapika nini na kapikia nini. Huku Tandahimba gesi ina msimu wake, hela za mnada wa korosho zikianza kutoka Oktoba huko kila mtu anajaza, njoo mwezi wa tano mitungi mitupu, hela ya kujaza kilo 6 kwa mkupuo hakuna ila ya kopo la mkaa haikosi. Ile mitungi ya ruzuku ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) ya nusu bei imesaidia kununua, kujaza ni juu yako. Andika na mwezi uliopita kuuliza.

Msimbati_Kwetu: Jiandae pia kuulizwa wewe, "gesi yetu hii hapa mbona mtungi ghali?" Ya Mnazi Bay, huku Mtwara, ni gesi asilia (methani), inaenda Dar kwa bomba tangu 2015, ya mtungi ni LPG, gesi nyingine ya kimiminika, inaletwa na meli toka nje. Ukiwaeleza hivyo wanakuelewa ila hasira haiishi, zile vurugu za Mtwara za 2013 za kupinga bomba hazijasahaulika.

Fundi_Lindi: Mbona umeme hamuutaji? Presha kuka ya umeme maharage inaivisha kwa uniti chache tu. Tatizo mita. Aliye kwenye D1, ile bei ya TANESCO ya watumiaji wadogo wa nyumbani, uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, akizivuka zinazofuata zinapanda zaidi ya mara tatu. Sasa nyumba ya wapangaji wanne luku moja, tarehe kumi tu washazivuka, mwenye nyumba akiona presha kuka ya mpangaji anakuja juu. Uliza mita ni ya mtu peke yake au wanachangia.

Dodoso_Masasi: Ahsanteni sana, hilo la luku sikuwa nalo kabisa. Shida msimamizi wangu anataka ndiyo au hapana, na wengi gesi wanachemshia chai tu.

MamaKorosho: Weka kundi la wanaochanganya, utaona litakavyojaa. Halafu usimuulize baba mwenye nyumba, muulize anayepika.