Mkopo wa kuchimba matuta Lushoto: dhamana yake ni nini?

Mkulima wa Usambara:
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninalima viazi mviringo na kabichi kwenye mteremko mkali wilayani Lushoto, na kila masika mvua hubeba udongo wa juu pamoja na mbolea niliyoinunua kwa taabu. Nataka kuchimba matuta ya ngazi, lakini benki inadai hati, ilhali shamba langu ni la urithi lisilo na karatasi. Nianzie wapi?

Afisa ugani mstaafu:
Ndugu yangu, anzia halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua umiliki wa kimila, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuwekwa rehani, ingawa benki nyingi huisitasitia kwa kuwa shamba la kijijini ni gumu kuuzika mkopo ukikwama. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo, unaoibebea benki sehemu ya hasara mkopo ukikwama. Ulizia iwapo benki yako imo kwenye mpango huo.

Mama wa VICOBA:
Kaka, tazama ratiba ya marejesho kabla ya riba. Tuta jipya hufukua udongo usio na rutuba, hivyo mavuno ya msimu wa kwanza huenda yakashuka. Ukisaini kulipa kila mwezi, utalazimika kuuza viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ili uwahi tarehe. Omba kulipa baada ya mavuno. Wakikataa, chimba kidogo kidogo kwa mkopo wa kikundi, na kingoni panda majani ya Guatemala, yanayoshika udongo na kulisha ng'ombe.