Naomba ushauri: simu inanipokonya wageni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka wa tisa sasa. Mkate wangu ni Kiitaliano, nilichojifunza kwa tabu ufukweni Kiwengwa.

Tangu ChatGPT, ile programu ya akili bandia, itoke mwishoni mwa 2022, mambo yanabadilika. Wiki iliyopita mgeni kaulenga mlango wa njumu kwa simu, simu ikamsomea habari zake kwa Kiitaliano safi kuliko changu. Mimi nimesimama pembeni kama mwamvuli. Kisha ikamwambia apande juu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, akaone bahari! Jengo lenyewe liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Hapo ndipo akanigeukia, ila malipo kanikata nusu.

Nina akiba kidogo, na watoto wawili. Mjomba wangu Chake Chake ananiita nikajifunze ufundi wa friji na viyoyozi, anasema roboti haitapanda ngazi ya hoteli leo wala kesho. Mke wangu ananiambia niongeze Kipolandi, maana Wapolandi wamejaa. Lakini si hiyo simu nayo inakijua?

Waliobadilisha kazi ukubwani, mlianzaje? Na mtembezaji aliyebaki, unampa mgeni kitu gani ambacho simu haina?