Mtu akijikwaa, "sorry" ni sawa na "pole"?

Msomi_Pwani: Wakuu, mtu akijikwaa tunamwambia "pole", na kwa Kiingereza tunasema "sorry". Mbona Mwingereza au Mmarekani hujibu "It's not your fault"? Na kwa mgonjwa au mfiwa tusemeje?

Mkalimani: "Pole" haikiri kosa. "Sorry" imebeba pole na samahani kwa pamoja, na ikisimama peke yake wenzetu wa huko husikia samahani kwanza. Aliyejikwaa muulize "Are you all right?" Ukitaka kutoa pole, taja jambo lenyewe. Mgonjwa: "I'm sorry you're not well". Mfiwa: "I'm sorry for your loss". Epuka "I'm sorry for you", maana inasikika kama unamdharau kwa hali yake. "Pole na safari" haina mwenzake. Sema "You must be tired". "Pole na kazi" ndiyo usiitafsiri kabisa, atadhani unamsikitikia kwa kufanya kazi ya namna ile.

Sarufi_Kwanza: Wengi wanateleza hapa: "sorry" ni kivumishi. "Nasikitika" ni kitenzi, ndiyo maana mtu anajikuta anaandika "I sorry" badala ya "I'm sorry". "Sorry for late" nayo ni kosa, kwa kuwa "for" hufuatwa na nomino au kitenzi chenye -ing: "Sorry for being late". Wenyewe husema zaidi "Sorry I'm late". Usumbufu unaoufanya sasa hivi huchukua "to": "Sorry to trouble you". Sauti ikipanda, "Sorry?" ni "umesemaje?" Na mbele ya nomino maana hugeuka: "a sorry state" ni hali ya kusikitisha.

Mkalimani: Nyongeza muhimu: Nairobi, Kampala, hata Lagos na Accra, "sorry" ya kumpa pole aliyejikwaa ni Kiingereza cha kawaida, msiwasahihishe watu. Isitoshe, neno hilo lina undugu na "sore", yaani penye maumivu, na katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mwenye huzuni. Pole yetu iko karibu na asili yake kuliko samahani.

Msomi_Pwani: Shukrani. Na kuomba njia kwenye basi lililojaa?

Sarufi_Kwanza: Uingereza "Sorry" inatosha. Marekani sema "Excuse me". Ukishamkanyaga mtu, kote ni "Sorry".