Tupeane uzoefu: mchanga wa Dar na mbolea za asili, vipimo tafadhali

Mchanga Mtupu
Wakuu, habari za majukumu. Vuli inakaribia na kirikuu (gari ndogo za mizigo) za samadi zimeanza kupishana. Uzi huu uwe wa vipimo, siyo "weka mbolea ya kutosha". Ya kutosha ni debe (lita 20) ngapi?

Naanza. Kigamboni, Bunju, Mbezi Beach na sehemu kubwa ya ukanda wetu udongo ni kichanga. Maji yanapita na virutubisho vinashuka nayo, halafu kwa joto hili mboji inaisha upesi kuliko huko Lushoto au Njombe. Samadi ya mwaka jana usiihesabu. Tuta jipya linataka madebe 2 ya mboji iliyoiva kwa kila mita ya mraba. Ukiyatandaza yanafika kimo cha sentimita 4. Changanya na udongo wa juu, sentimita 15 tu. Ukizidi hapo unaizika mahali ambapo mizizi mingi ya mchicha haifiki. Baada ya hapo ni nusu debe kwa mita kila unapopanda upya. Kwa hiyo tuta la mita 1 kwa 10 linaanza na madebe 20, kisha 5 kila mzunguko. Piga hesabu ya usafiri kabla hujashika jembe.

Mama Mchicha
Asante mkuu. Nadakia kwenye mbolea ya kuku, maana ndiyo inayopatikana kila mtaa na ndiyo inayounguza miche ya watu.

Kwanza uliza ni ya kuku gani. Ya broila ni maranda kwa wingi, kinyesi kidogo. Ya kuku wa mayai ni kali zaidi. Zote mbili zilundikwe, ziloweshwe, zifunikwe wiki 6 hadi 8. Zikiiva, robo debe kwa mita ya mraba inatosha, wiki moja au mbili kabla ya kuhamishia miche. Ukiweka mbichi, ncha za majani zinakauka kama zimepitiwa na moto na miche inalala. Ya broila ikiwa na maranda mabichi kosa ni la upande wa pili: maranda yanapooza yananyang'anya udongo nitrojeni, mboga inakuwa ya njano ukidhani haina maji.

Na kwenye nyanya usizidishe. Utapata kichaka kizuri cha kupiga picha, matunda ya kuhesabu.

La afya sasa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne. Maana yake samadi mbichi na mchicha havikutani kabisa, hata kama ni "kidogo tu ya kuamshia".

Fundi Lundo
Dada umemaliza upande wa kuku. Mimi niseme lundo lenyewe, maana wengi wanarundika taka kwenye kona ya ukuta kisha wanaita mboji.

Kipimo cha chini ni mita 1 kila upande, yaani lita 1,000, ndoo kubwa 50. Dogo kuliko hilo halishiki joto. Kwa ujazo, ndoo 2 za vikavu (majani ya mwembe, mabua, maboksi yasiyo na nailoni) kwa ndoo 1 ya vibichi (maganda ya jikoni, nyasi mbichi, mikungu ya ndizi ya soko la Mabibo iliyokatwakatwa) na nusu ndoo ya samadi. Kila tabaka lisizidi kiganja kimoja kwa unene, na kila tabaka linyweshwe maji wakati wa kupanga. Usisubiri kumwagia juu mwishoni, maji yatapita pembeni na katikati kubaki kukavu.

Unyevu: kamata konzi, kamua. Yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika umezidisha, yasipotoka ongeza.

Joto: chomeka kipande cha nondo hadi katikati, chomoa baada ya dakika 10. Kama huwezi kukishika, lundo liko nyuzi 55 hadi 65, hapo ndipo mbegu za magugu na vimelea vingi vinakufa. Kikitoka cha uvuguvugu siku ya nne, ama ni kavu ama vibichi ni vichache. Geuza siku ya 7, kisha kila wiki, mara 4. La nje liende ndani, la ndani litoke nje. Kukoroga tu hapo hapo siyo kugeuza. Wiki ya 10 mpaka 12 linaiva.

Kujua limeiva, tia konzi moja yenye unyevu kwenye mfuko, funga siku 3. Ukifungua, harufu iwe ya udongo ulionyeshewa. Ikikupiga puani, rudisha.

Kibada Kijani
Mkuu Fundi, lundo langu linanuka mayai viza na nzi ni wengi. Halafu nikiongeza majivu harufu inabadilika inakuwa ya kuchoma macho.

Fundi Lundo
Mayai viza maana yake hewa hakuna, maji yamejaa. Libomoe, changanya vikavu, lijenge upya juu ya matawi ili chini kupite hewa. Masika lifunike turubai, la sivyo mvua inakuoshea kila kitu.

Hayo ya kuchoma macho ni amonia. Ni nitrojeni yako inaondoka, umeinunua na unaipeperusha. Majivu na samadi mbichi visikutane.

Mchanga Mtupu
Majivu mimi naona watu wa Dar wayapunguze hata kwenye tuta. Konzi moja kwa mita kwa msimu, yawe ya mkaa au kuni, siyo ya mbao zenye rangi. Ukipita hapo udongo unakuwa na alkali nyingi (kinyume cha uchachu) na majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki ya kijani.

Wenye visima vya chumvi nao wasikilize. Ukiona unga mweupe juu ya tuta, usiongeze mbolea ya kuku, nayo ina chumvi zake. Tumia mboji ya majani na samadi ya ng'ombe, na mvua kubwa ikija acha tuta wazi lioshwe.

Mama Mchicha
Na makumbi ya nazi je? Ndiyo sifongo yetu. Yachambue, loweka, mwaga maji mara 3 mpaka yasitoke na rangi ya chai nzito, ndipo uchanganye. Pumba za mpunga kwenye kichanga hazisaidii kushika maji, zipeleke kwenye mfinyanzi. Machicha ya nazi tia kidogo katikati ya lundo, yakibaki juu ni karamu ya panya.

Kibada Kijani
Kuna jamaa anauza "udongo mweusi" wa bondeni kwa kirikuu. Nichukue?

Fundi Lundo
Uliza bonde gani. Wa chini ya viwanda na mifereji ya maji machafu achana nao, mboji haiondoi madini mazito. Ukiwa safi, chota ndoo moja, mwagilia wiki 2 uone kinachoota. Ikiota ndago (gugu sugu linalofanana na nyasi), rudisha gari lote. Ndago ikishaingia, viazi vyake vidogo vya chini ya ardhi vitakuzidi umri.

Kibada Kijani
Mwisho wakuu: nimegeuza lundo nimekuta funza weupe wanene, wamejikunja, kama kidole gumba. Ni wa faida?

Mchanga Mtupu
Hao wakubwa huenda ni wa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi. Anapenda kuzaliana kwenye samadi na magogo ya minazi yanayooza. Ukigeuza kila wiki hawapati muda wa kukua. Waliopo, waokote uwape kuku, na chunguza mpaka chini kabisa, ndiko wanakojificha.