Filamu ya 120 katika joto la Mombasa: ninunue ipi, na niihifadhi vipi?

Mkazi wa Likoni:
Ndugu zangu, nimerithi kwa mjomba kamera ya Yashica Mat 124G, nayo ingali nzima. Kwa kuwa filamu ya 120, ile pana inayotumiwa na kamera hii, sioni ikiuzwa madukani huku kwetu, nimekusudia kuagiza roli kumi kwa mkupuo, ingawa sitapiga zaidi ya roli moja kwa mwezi. Nichague filamu gani kwa picha za watu, na niihifadhi vipi katika joto hili?

Fundi Picha:
Tundu la mwanga la lenzi yako hufunguka hadi f/3.5 tu, na shata hukomea 1/500 ya sekunde, kwa hiyo mimi ningechukua filamu ya ISO 400, yaani yenye wepesi wa kutosha kunasa mwanga: Ilford HP5 Plus kwa nyeusi na nyeupe, au Kodak Portra 400 kwa rangi. Juani utalifunga tundu hadi f/16, na ukiingia barazani bado utakuwa na nafasi. Filamu za slaidi, zitoazo picha chanya badala ya negativu, ziache kwanza, kwani ukikosea mwanga kidogo tu zinakuumbua, na roli nzima ina picha 12 tu.

Mama Chumba cha Giza:
Zitie frijini zikiwa katika foili yake, ndani ya chombo kinachofunga barabara. Joto hudhuru polepole. Unyevu hudhuru siku moja. Niliwahi kufungua roli iliyotoka frijini papo hapo, nikiwa mbioni kwenda harusini, ikashika umande, na namba za karatasi inayoviringishwa nyuma ya filamu zikajichapa juu ya uso wa bibi harusi. Tangu hapo huitoa usiku wa kuamkia siku ya kazi, nami siichani foili mpaka asubuhi.

Mkazi wa Likoni:
Shukrani, mama. Je, roli zilizokwisha kupigwa naweza kuzikusanya hadi zifike tatu?

Mama Chumba cha Giza:
Usizikusanye kwa miezi, mwanangu, kwa sababu picha ambayo haijasafishwa huendelea kufifia, na foili iliyokuwa ikiikinga umekwisha kuitupa. Ibane roli isilegee, maana ikilegea mwanga hupenya pembeni, kisha itie katika kopo kavu lisilopitisha mwanga, uisafishe ndani ya wiki chache. HP5 utaisafisha mwenyewe nyumbani kwa dawa ya nyuzi 20 za Selsiasi, ila maji ya bomba la Mombasa yana joto kupita hapo, kwa hiyo weka barafu tayari ya kupozea beseni.