Mchapishaji anataka hakimiliki yangu yote mpaka nife, na miaka 50 baada ya hapo. HAPANA!

Wakuu,

Mchapishaji mmoja wa hapa Dar (simtaji, msinibane kwenye hilo) kaniletea mkataba wa riwaya yangu, na tangu niusome nina hasira zisizomezeka. Kifungu cha pili kinasema mwandishi anamhamishia mchapishaji hakimiliki yote ya kazi hii, kwa lugha zote, nchi zote, kwa namna zote zilizopo na zitakazobuniwa baadaye, kwa muda wote wa uhai wa hakimiliki.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, uhai huo ni maisha yangu yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwangu. Yaani mimi nife, wanangu wazeeke, halafu wajukuu wakitaka kuchapa kitabu cha babu yao wakapige hodi kwa kampuni ambayo leo inaniahidi nakala 500 tu! Na filamu humo humo, kitabu cha sauti humo humo, tafsiri humo humo. Huyu bwana hatengenezi filamu wala hana studio ya kurekodi. Anavitakia nini?

Nikamwandikia kwa heshima zote, nikaomba tuzungumze vifungu vinne. Akajibu kwamba huo ndio mkataba wao wa kawaida na waandishi wote wanasaini. Nilipomwandikia tena akanipigia simu, akasema mimi bado mchanga, miswada imejaa ofisini kwake, nishukuru nimepata nafasi.

Nishukuru kwa lipi? Muswada nimeandika mimi, yeye ndiye aliyeutaka.

Jamani, mchapishaji hahitaji kumiliki hakimiliki ili achape kitabu. Anahitaji leseni: ruhusa ya maandishi ya kuchapa na kuuza kitabu hiki, kwa Kiswahili, Afrika Mashariki, kwa miaka mitano au saba, basi. Kikifanya vizuri mnaongeza muda. Mpangaji gani anadai hati ya nyumba ndipo aingize kitanda?

Hela nazo. Mkataba unasema mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 "ya mapato halisi". Pigeni hesabu na mimi. Kitabu bei ya jaladani ni shilingi 10,000. Duka likipewa punguzo la asilimia 35, mchapishaji anabaki na 6,500. Asilimia 10 ya hapo ni 650. Toa kodi ya zuio (inayokatwa kabla sijalipwa) asilimia 15, mkononi inafika 552 na senti. Asilimia 10 hiyo hiyo ingehesabiwa kwenye bei ya jaladani ningepata 1,000, na baada ya kodi 850. Kwa nakala 3,000 tofauti ni shilingi 892,500, na imetokana na maneno mawili tu kwenye karatasi. Kibaya zaidi, mkataba wangu unaeleza kwamba mapato halisi ni baada ya kutoa usafirishaji, matangazo "na gharama nyinginezo". Nyinginezo zipi? Nani anazikagua? Hakuna mstari hata mmoja unaonipa haki ya kuona vitabu vya hesabu, na taarifa ya mauzo nitapewa "pale itakapohitajika". Itakapohitajika na nani?

Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la hakimiliki mwaka 2019 linalotaka mwandishi apewe taarifa za mapato ya kazi yake angalau mara moja kwa mwaka. Marekani sheria yao inamruhusu mwandishi aliyehamisha haki zake kuzirudisha baada ya miaka 35, hata kama mkataba ulisema ni milele. Sisi hapa kinga yetu kubwa ni kile tulichokiandika kwenye mkataba. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia nisaini tu.

Kitu kinachoniuma kuliko hata hela ni kurudishiwa haki. Kuna mwalimu mstaafu namfahamu, kitabu chake cha hadithi watoto wamekisoma miaka nenda rudi. Madukani kimeisha kitambo. Mchapishaji hakichapi tena, na haki harudishi. Kinachouzwa sasa ni fotokopi za pembeni ya barabara, ambazo yeye hapati hata senti. Alitaka akichape mwenyewe kwa kiinua mgongo chake, akatishiwa kupelekwa mahakamani. Mzee wa watu ana nakala moja nyumbani, imechakaa, na kwa mujibu wa karatasi aliyosainishwa haruhusiwi kuizalisha. Mimi hilo silikubali hata wanipe milioni ngapi.

Kwa hiyo kifungu nilichoandika mimi ni hiki, chukueni anayetaka: "Kitabu kikikosekana sokoni kwa miezi 6 mfululizo, na mchapishaji asipokichapa upya ndani ya miezi 6 tangu apokee notisi ya maandishi, haki zote zitarejea kwa mwandishi bila malipo yoyote." Halafu wekeni idadi, mfano zikiuzwa chini ya nakala 50 kwa mwaka kihesabike kimekosekana. La sivyo atapandisha faili la PDF mahali fulani na kusema kitabu bado kipo sokoni. Na muswada usipotoka ndani ya miezi 18 tangu kusaini, urudi kwangu. Kwenye mkataba wake hakuna tarehe ya kuchapa kabisa! Anaweza kuukalia mpaka uote ukungu.

Kuna na kifungu kinachompa haki ya kwanza ya vitabu vyangu vitatu vijavyo "kwa masharti haya haya". Vitabu ambavyo hata sijaviota. Kingine kinamruhusu kubadili maudhui kadiri atakavyoona inafaa bila kuniuliza, wakati sheria inampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa.

Najua mtakuja wa kusema mchapishaji anaweka mtaji. Ni kweli, karatasi ghali, mhariri analipwa, msanifu analipwa, kiwanda hakikopeshi. Kwa hiyo achukue sehemu kubwa ya kila nakala, sijapinga hilo popote. Nachopinga ni mtaji wa nakala 500 kununua kazi yangu ya maisha. Na wa "jichapishie mwenyewe", nimewasikia, ila mimi nataka kitabu kifike Mbeya na Kigoma, na gari sina.

Mkataba nimemrudishia, vifungu vya hovyo nimevikata kwa kalamu na vyangu nimeviambatisha. Kimya mpaka sasa.

Ninachoomba hapa: kila mwenye mkataba aweke asilimia yake, kama ni ya bei ya jaladani au ya mapato, muda wa mkataba, na kama amewahi kuletewa taarifa ya mauzo bila kuomba. Majina ficheni. Wa Kenya na Zanzibar pia wekeni, nataka tuone kama huu "mkataba wa kawaida" ni wa kawaida kweli. Na kama kuna wakili humu anayeshughulika na hakimiliki, aje PM tafadhali, nitamlipa.